Wanafunzi 7 wa kidato cha kwanza wako mbele sana ya wenzao kwenye Hisabati. Niwapangie nini?

Mwl_Kutwa aliuliza:

Wakuu, habari za kazi.

Nafundisha Hisabati kidato cha kwanza, shule ya kata ya kutwa. Darasa lina wanafunzi 64. Kati yao wapo 7 ambao zoezi la dakika 20 wanalimaliza mapema mno na wanapata yote. Kwa sasa nawaongezea maswali kutoka kitabu kilekile au nawatuma wakawaelekeze wenzao. Dalili za kuchoka zimeshaonekana. Kuna waliokwishaacha kuonyesha njia, wanaandika jibu tu na kuinamia dawati.

Hatuna mwalimu wa ziada, maktaba ni kabati moja, na wanafunzi hawaruhusiwi simu. Muhtasari wa somo lazima uishe kwa wakati. Ninachotaka ni mpango wa muhula mzima kwa ajili yao, uliokaa ndani ya azimio la kazi (mpango wa ufundishaji wa muhula), usiwe burudani ya Ijumaa mchana.

Nina maswali matatu. Nitajuaje kwamba hao 7 ndio wenyewe, na kwamba hakuna wengine waliofunikwa na Kiingereza? Nipunguze nini na niweke nini mahali pake? Halafu mkuu wa shule anapendekeza tuwafungulie mkondo wao, na mzazi mmoja anaomba mwanawe arushwe kidato cha pili. Mnashaurije?

Naomba mifano ya kazi yenyewe. Nadharia nimesoma za kutosha.

---

Kigezo alijibu:

Mwalimu, anza na utambuzi. Ukikosea hapo, mpango wote utakwenda kwa watoto ambao si wao.

Kasi peke yake ni kipimo kibovu. Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Kiingereza, au aliyesoma twisheni ya "pre-form one" kabla ya kuripoti, atakimbia miezi mitatu ya kwanza kwa sababu mada anazijua. Ikifika Agosti yuko sawa na wenzake. Upande wa pili yupo anayechelewa kumaliza kwa sababu anatafuta njia yake mwenyewe, au kwa sababu sentensi ya swali imemshinda kabla ya hesabu yenyewe. Matokeo ya darasa la saba nayo hayakusaidii sana, maana mtihani ambao maswali yake mengi ni ya kuchagua majibu haukuonyeshi mtoto amefikaje kwenye jibu.

Tatizo jingine ni mtihani wenye dari fupi. Kama watoto 9 wamepata 95 kwenda juu, mtihani huo haujakwambia lolote kuhusu tofauti iliyopo kati yao. Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alipoanza utafiti wake mwaka 1971 alilitatua hilo kwa kuwapa watoto wa miaka 12 na 13 mtihani wa SAT, uliotungwa kwa vijana wanaomaliza sekondari. Waliokuwa wamebanana kileleni mwa mtihani wa darasa lao wakatawanyika.

Kwako inatosha karatasi moja ya maswali 6, kipindi pacha cha dakika 80, darasa zima lifanye. Weka maswali 2 ya kiwango cha darasa la saba, 2 ya mada za kidato cha kwanza ambazo hujazifundisha, na 2 yasiyo na kanuni yoyote waliyofundishwa. Haya mawili yanafaa:

"Namba zipi kati ya 1 na 100 zina idadi ya vigawo iliyo witiri? Kwa nini hizo tu?" (Ni 1, 4, 9, 16 hadi 100, namba 10 za mraba. Vigawo huja viwili viwili, isipokuwa pale namba inapojizidisha yenyewe.)

"Ukizidisha namba tatu nzima zinazofuatana, jibu hugawanyika kwa 6 daima. Eleza kwa nini."

Kila swali liandike kwa Kiingereza na chini yake kwa Kiswahili, na mtoto ajibu kwa lugha yoyote. Mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kuwa na hoja nzuri kabisa akakwama kwenye "consecutive" au "at most".

Hayo mawili ya mwisho sahihisha kwa alama 0 hadi 4: amejaribu mifano kwa mpangilio: 1; ameona ruwaza: 2; ameisema kwa ujumla: 3; ametoa sababu: 4. Jibu sahihi lisilo na maelezo lisizidi 2. Kwenye swali la 6 wengi watakuandikia 1×2×3=6, 2×3×4=24, 3×4×5=60, basi. Hao wana 1 au 2. Yule anayesema "katika tatu zinazofuatana lazima moja igawanyike kwa 3 na angalau moja iwe shufwa" ndiye unayemtafuta, hata kama mwandiko wake ni mbaya na maswali mepesi kayakosa.

Ukishasahihisha, usitazame mikono inayonyooshwa darasani. Tazama madaftari. Wasichana wengi wenye hoja nzuri hawanyooshi mkono, na kwenye darasa la 64 anayekaa kimya hufutika. Rudia kipimo chenye maswali mapya baada ya wiki 6 hivi. Pia usitangaze majina kama timu ya taifa. Kundi liwe la mada kwa mada. Aliye hodari kwenye aljebra anaweza kuwa wa kawaida kwenye jometri, na kinyume chake.

---

Azimio_la_Kazi alijibu:

Nakubaliana na Kigezo. Naingia kwenye swali la pili, kwa sababu hapo ndipo mipango mingi ya aina hii hufia.

Kazi mpya ichukue nafasi ya kazi ya zamani, isirundikwe juu yake. Ukimwambia mtoto "maliza maswali 20 kama wenzako, halafu fanya na haya 5 magumu", umemwadhibu kwa kuwa na uwezo. Baada ya wiki tatu atakuwa amejifunza kufanya polepole. Hao wako walioacha kuonyesha njia tayari wanakwambia hivyo.

Hatua zenyewe ziko hivi. Chukua mada moja, tuseme sehemu, desimali na asilimia. Ivunje kuwa stadi ndogondogo: kulinganisha sehemu, kujumlisha na kutoa zenye asili (namba ya chini ya sehemu) tofauti, kuzidisha na kugawanya, kubadili sehemu kuwa desimali, kubadili kuwa asilimia, mafumbo ya maisha ya kila siku. Stadi 6. Tunga maswali 12, mawili kwa kila stadi, dakika 30, na uyatoe siku moja au mbili kabla ya kuanza mada. Mawili, kwa sababu moja likikosewa huwezi kujua ni kuteleza au ni kutojua.

Aliyepata yote mawili ya stadi fulani, mazoezi ya stadi hiyo hayamhusu. Aliyefikisha asilimia 85 ya karatasi nzima, mfungie mada kwa kifupi: anahudhuria utangulizi, anahudhuria vipindi vya stadi zilizompiga chenga, na anafanya jaribio la mwisho na wenzake. Aliye kati ya 60 na 85, mpunguzie pale tu alipothibitisha.

Kama hukuwahi kutoa jaribio la awali, iko njia ya haraka. Mpe mtoto maswali 4 ya mwisho ya zoezi, yale magumu, ayafanye kwanza. Akipata 3 na kuonyesha njia, zoezi limeisha kwake. Akikosa 2, anaanza namba 1 kama wengine, bila kelele wala aibu.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut ulioongozwa na Sally Reis na kutolewa mwaka 1993 ulikuta walimu wanaweza kuwaondolea wanafunzi kama hawa wastani wa asilimia 40 hadi 50 ya kazi za darasa, na matokeo yao ya mitihani yasishuke. Kwa darasa la 64 na mwalimu mmoja nisingeanza na nusu. Anza na theluthi ya vipindi vya mada moja, uone unavyoimudu.

Sasa yale yasiyopunguzwa. Somo la kwanza la istilahi za Kiingereza, wote wakae. Michoro ya jometri kwa bikari na rula, wote wafanye, maana ule ni ustadi wa mkono na akili haiwezi kuuruka. Na kuonyesha njia kwenye mtihani: mwambie wazi kwamba kwenye karatasi ya taifa njia ina maksi zake. Wapo watoto wakali kabisa wanaopoteza maksi kwa kuandika jibu tupu.

Kumbukumbu iwe ukurasa mmoja kwa kila mtoto, safu tatu: stadi aliyothibitisha na ushahidi wake, kilichoondolewa, kilichowekwa badala. Safu ya tatu ikibaki tupu wiki nzima, ujue umemtengenezea mtoto muda wa kukaa bure.

Na hili la kuwatuma wakafundishe wenzao, lipunguze sana. Kueleza hoja kwa mwenzako kunafaa mara moja moja, lakini hawakuja shule kuwa wasaidizi wako. Isitoshe, mwanafunzi anayeona jibu papo hapo mara nyingi si mwelekezaji mzuri kwa aliyekwama. Hatua anazoziruka kichwani ndizo mwenzake anazozihitaji.

---

Baki_Sifuri alijibu:

Uliomba kazi yenyewe. Nakupa moja kamili, inakaa ndani ya desimali, haihitaji kitabu wala intaneti. Inachukua vipindi 5 au 6 vilivyookolewa. Msimamo wangu ni kwamba watoto hawa hawahitaji kukimbizwa kwenye mada za kidato cha pili. Wanahitaji kuchimba mada hiihii mpaka wakutane na kitu ambacho hakijibiwi kwa kanuni.

Kadi ya 1. Gawanya kwa mkono 1/2, 1/3, 1/4 hadi 1/20. Zipi zinakoma, zipi hazikomi? Watakuta zinazokoma ni 7 tu: asili 2, 4, 5, 8, 10, 16 na 20. Kisha: chambua kila asili kwa vigawo tasa, useme kanuni. Jibu ni kwamba asili iwe na 2 na 5 pekee. Hapo usiwaache washangilie, waulize: bila kugawanya, 1/40 ina tarakimu ngapi baada ya nukta? 1/80? 1/64? (3, 4 na 6. Ni kipeo kikubwa zaidi kati ya kile cha 2 na kile cha 5.) Mtego wa mwisho: 3/12. Asili ina 3 ndani yake lakini desimali inakoma, 0.25. Kanuni yao imevunjika, na ni wao wagundue kwamba walisahau kusema "sehemu ikiwa imerahisishwa". Usiwadokeze. Kurekebisha dai ili lisimame ndiyo hisabati yenyewe, na ndicho kitu ambacho kitabu cha kiada hakimpi mtoto huyu.

Kadi ya 2. Gawanya 1 kwa 7, lakini andika mabaki yote kwa mstari: 1, 3, 2, 6, 4, 5, halafu 1 tena. Tarakimu zinazojirudia ni 142857; huo ndio mnyororo. Swali: je, kwa 7 mnyororo unaweza kuwa na tarakimu zaidi ya 6? Toa sababu.

Hapa ndipo pa kukaa nao. Jibu la kwanza utakalopewa ni "kwa sababu 7 toa 1 ni 6". Hiyo ni ruwaza waliyoiona, sababu bado. Jibu swali kwa swali: mabaki yanayowezekana ukigawanya kwa 7 ni yapi? Baki la 0 likitokea inakuwaje? Baki ulilokwisha kulipata likirudi, hatua inayofuata itakuwa tofauti na ile ya mwanzo? Mtoto akisema "mabaki yako 6 tu, la saba lazima liwe mojawapo lililokwisha kutokea, na likirudi kila kitu kinarudi", amethibitisha. Hapo mpe 11, ambayo mnyororo wake una tarakimu 2 tu (0.0909...), ili aone kwamba alichothibitisha ni ukomo wa juu na si urefu kamili.

Kadi ya 3. 1/13 na 2/13. Chora mabaki kwa duara, mshale kutoka baki hadi baki. Watapata maduara mawili: 1, 10, 9, 12, 3, 4 na lile la 2, 7, 5, 11, 6, 8. Mabaki 12 yamegawanyika makundi mawili ya 6. Kazi: bila kugawanya upya, andika desimali ya 5/13. Anatafuta 5 kwenye duara la pili, anaanzia hapo na kusoma tarakimu kwa mzunguko: 0.384615... Wengi wakifika hapa hawataki kengele igongwe.

Kadi ya 4. Kinyume chake. 0.2727... ni sehemu gani? Iite x, zidisha kwa 100, toa: 99x = 27, x = 3/11. Wafanye na 0.1666..., ambapo njia ileile lazima irekebishwe kwanza kwa kuzidisha kwa 10. Kisha swali la wiki: tafuta asili zote zinazotoa mnyororo wa tarakimu 3 kamili unaoanza mara tu baada ya nukta. Inatoka kwenye vigawo vya 999, yaani 27, 37, 111, 333 na 999 yenyewe. Waache wagundue wenyewe kwamba 1/27 ni 0.037037..., 1/37 ni 0.027027..., na 27×37 ni 999.

Yanayoharibika, na sababu zake. La kwanza ni makosa ya kugawanya. Kosa moja kwenye hatua ya tano linavunja mnyororo wote, na mtoto anajenga nadharia juu ya kosa. Wape kipimo cha kujisahihisha: kwa sehemu yenye 1 juu, mnyororo unaoanza mara tu baada ya nukta ukizidishwa kwa asili lazima utoe 9 tupu. 142857×7 = 999999; 076923×13 = 999999. Likija jibu lingine, rudi ukagawanye. La pili ni kikokotoo. Kioo cha tarakimu 10 hakiwezi kuonyesha mnyororo wa 1/17 wenye tarakimu 16, kwa hiyo mtoto atahitimisha kwamba haujirudii. Mkono tu. La tatu ni kutoa kadi zote nne siku moja. Watakimbilia ya 4, wapate kanuni ya 99, na kadi ya 2 iliyobeba uthibitisho waipitie juujuu. Kadi inayofuata itoke baada ya hoja ya iliyotangulia kuandikwa na kukubaliwa.

Zao la mwisho ni ukurasa mmoja kwa kila mtoto: dai, mifano miwili, hoja, na swali moja jipya alilolizua mwenyewe ambalo hajalijibu. Hilo swali jipya lipe uzito. Aliyeandika "mbona 7 ina duara moja na 13 ina mawili?" ameshajipangia kazi ya mada ijayo.

---

Mwl_Kutwa:

Baki_Sifuri, Mungu akubariki. Kadi hizi naandika leo. Azimio_la_Kazi, nimekuelewa kuhusu safu ya tatu.

Swali la utekelezaji: nikiwa ubaoni na wale 57, hawa 7 watakaa wapi na watamuuliza nani wakikwama? Nikiwageukia wao, darasa linaharibika.

---

Kipindi_Pacha alijibu:

Mwalimu, panga kwa kipindi pacha, usijaribu kwenye kipindi kimoja cha dakika 40. Dakika 5 za mwanzo toa kadi na daftari zao. Dakika 25 unafundisha wengine, nao wasikuite. Darasa likianza zoezi, subiri dakika 3 kwanza uone wote wameanza, ndipo uende kwa kundi, dakika 8 zisizozidi. Rudi uzunguke darasani dakika 20. Rudi tena kwa kundi dakika 5 kupokea hoja. Zinazobaki ni za kusahihisha na kufunga somo na darasa zima.

Wakikwama, sheria ni hii: soma kadi tena, jaribu mfano mdogo zaidi, muulize mwenzako, kisha andika swali kwenye daftari la maswali na uendelee na sehemu nyingine. Wewe unasoma daftari hilo kwenye zile dakika 8. Wiki ya kwanza watakuita kila mara kwa sababu wamezoea kujibiwa papo hapo. Ukikubali kwenda mara moja, umeanza upya.

Wakalishe upande wa dirisha au nyuma kwenye kona, lakini ndani ya darasa. Usiwatoe nje chini ya mti bila mtu mzima, mwalimu wa zamu atakuuliza na ana haki. Wagawe 2, 2 na 3. Kundi la 4 kwenda juu linakuwa na mmoja anayefikiri na wanaonakili. Kila mmoja aandike kwenye daftari lake, na unapofika kwao muulize yule aliyekaa kimya aeleze.

Karatasi si gharama. Manila moja ukiikunja mara tatu unapata kadi 8. Andika kwa kalamu ya wino mzito, zitunze kwenye bahasha ya mada, mwakani unazitumia tena.

Na muda wa kufikiri usiubane. Karatasi ya Hisabati ya kidato cha nne ina maswali 14 kwa saa 3, kama dakika 13 kila moja. Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, iliyoanzia Romania mwaka 1959, inatoa maswali 3 kwa saa 4 na nusu, yaani dakika 90 kwa swali. Mtoto ambaye hajawahi kukaa na swali moja zaidi ya dakika 5 ataliona swali la namna hiyo kama ukuta. Kukaa nalo vipindi viwili bila jibu ni sehemu ya mafunzo, usimwokoe mapema.

---

Mwl_wa_Voi alijibu:

Nachangia kutoka Kenya kuhusu lile swali la tatu, ambalo naona halijaguswa.

Kwetu sera ya elimu ya mahitaji maalumu ya 2009 iliwaweka wanafunzi wenye vipawa na vipaji ndani ya kundi la wenye mahitaji maalumu. Faida ya kulitazama hivyo ni kwamba unaacha kujiuliza "wanastahili zaidi ya wenzao?" na kuanza kujiuliza "wanahitaji nini ili waendelee kujifunza?"

Mkondo wa pekee wa watoto 7 hausimami. Huko kwenu mna shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Mzumbe, Kibaha na Kilakala, ambako shule nzima imejazwa kwa kuchagua. Shule ya kata haiwezi kuiga hilo. Ukijaza mkondo mpaka 40 kwa wastani wa masomo yote, umepata darasa la watoto watiifu wenye maksi nzuri, na wale 7 bado watakuwa wanamaliza kabla ya wengine. Halafu mikondo iliyobaki inakatika tamaa, na walimu nao wanaanza kuugombea ule mmoja.

Kurushwa kidato si dhambi, lakini kwa mtoto mmoja mmoja na kwa ushahidi. Hisabati pekee haitoshi. Mpeni mitihani ya mwisho wa kidato cha kwanza ya masomo yote, pamoja na Kiingereza cha insha, na mwulizeni mtoto mwenyewe, si mzazi tu. Kama ni mkali kwenye somo moja, njia nyepesi ni kumruhusu aingie vipindi vya Hisabati vya kidato cha pili, mkifaulu kulinganisha ratiba. Mkifanya hivyo hakikisheni mwakani hatarudia mada zilezile tangu mwanzo. Hilo hutokea mara nyingi, mwalimu mpya hana habari, na mtoto anajuta kwamba aliwahi kwenda mbele. Ahadi yoyote kwa mzazi itoke kwa mkuu wa shule baada ya kuzungumza na ofisi ya elimu, kwa kuwa usajili wa mitihani ya taifa unafuata kidato. Mwalimu wa somo asiitoe.

---

Azimio_la_Kazi alijibu:

Nyongeza fupi ya maksi na makaratasi, kisha nawaachia uwanja.

Alama za kadi zisiingie kwenye wastani wa ripoti. Mtoto akijua kazi ngumu inaweza kumshusha kutoka 96 hadi 81, ataikwepa, na mzazi atamuunga mkono. Maksi za ripoti zitoke kwenye majaribio na mitihani ileile ya darasa zima. Kadi zipe maoni ya maneno: hoja imekamilika, hoja ina pengo hapa, dai halijathibitishwa.

Kwenye azimio la kazi usifungue azimio la pili. Safu ya shughuli za kujifunza iandike mistari miwili kwa umahiri uleule: shughuli ya wote, na shughuli ya waliothibitisha umahiri kwenye jaribio la awali. Mtaala ulioboreshwa umejengwa juu ya umahiri, kwa hiyo mdhibiti ubora akija una la kumwonyesha: jaribio la awali limesahihishwa, ukurasa wa safu tatu umejazwa, kazi ya mtoto ipo. Mwambie mtaaluma (mwalimu msimamizi wa taaluma) mapema. Akikuta watoto 7 wanafanya kitu kingine bila taarifa, ataona umeacha muhtasari.

Anza na mada moja tu muhula huu. Jaribio la awali la mada inayofuata litunge wakati mada hii ipo katikati, maana ukisubiri iishe utajikuta Jumatatu asubuhi uko ubaoni na wale 7 wanafanya zoezi la 3 swali la 1 hadi la 20.